Dakika Tatu za Saa Tisa na Robo

6 Januari

Mboni yangu,

Kwanza salamu, halafu sifa, halafu shida. Ndivyo ninavyoandika barua mimi, na nilivyofundishwa darasa la saba sibadilishi. Salamu: mimi mzima, cherehani nzima, mguu tu ndio unanuna asubuhi mpaka niubembeleze. Sifa: nimesikia kituo chenu cha redio ya meli kinafungwa mwisho wa Machi, na wewe ndiye utakayegonga ujumbe wa mwisho. Hukuniambia wewe. Nimeambiwa na mwalimu mkuu nilipokuwa nampima suruali, akanisomea gazetini: mwanamke pekee kati ya waendesha redio sita. Nimelikata gazeti hilo nikalibandika ukutani, na siku hizi kila mteja nampima akiwa ameelekea huko, apende asipende.

Mmoja akajitia kuuliza hiyo mikato ya ti-ti-taa ina kazi gani wakati setilaiti zipo. Nikamwambia, na pini ziko mdomoni, kwamba mwanangu anasikia watu ambao yeye mteja hajawahi hata kuwadhania, na asipotulia nitamchoma. Alitulia.

Sasa shida. Mama Mcheshi wa nyumba ya pili. Amekubeba mgongoni huyu, usisahau. Mwaka wa tisa huu tangu meli ya mwanawe izame na watu kumi na mmoja, na yeye Mcheshi ndiye aliyekuwa redioni. Mlisoma naye chuo kimoja, nisikuchoshe. Tume ya uchunguzi ilisema hakuita msaada, kwamba alilala au alizembea, watu wakafa bila yeyote kujua wako wapi. Wewe uko mbali huoni, lakini wale mama kumi wa wenzake wako mji huu huu. Akiingia dukani wanatoka. Watoto wao wamempa jina, Mama Kimya, na siku hizi hata muuza duka linamponyoka.

Jana alikuja kwangu, akasimama mlangoni, kukaa hataki. Amesikia vitabu vyenu vya zamu vitafungiwa ghala la serikali kituo kikifungwa. Anaomba wewe, kwa macho yako, uutazame ukurasa wa siku ile kama kweli mwanawe hakuita. Akaniambia, "Wakubwa waliusoma, lakini hakuna aliyeusoma kwa niaba yangu."

Nikamwambia kwa binti yangu hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Basi usiniangushe.

Mama yako


19 Januari

Mama,

Shikamoo. Barua imefika na mguu nimeusikia. Uweke juu ya stuli unaposhona, usinidanganye kwamba unafanya hivyo.

Nisamehe kwa kutokuambia habari ya kituo. Ni kama kuandaa msiba wa mtu anayekutazama. Tumeanza kufungua nyaya za mashine ya pili. Chumba kina mwangwi sasa, ukiweka kikombe mezani unasikia vikombe viwili. Saa ya ukutani bado ipo. Uliwahi kuniuliza kwa nini ina vipande viwili vyekundu kama keki iliyokatwa. Hizo ndizo dakika zetu za kimya. Kila saa mara mbili, ikifika robo na ikifika kasorobo, vituo vyote na meli zote huacha kugonga kwa dakika tatu, ili mwenye kuzama na sauti yake dhaifu asikike. Anayegonga wakati huo bila kuwa hatarini amemkaba mtu asiyemjua. Hilo tulifundishwa siku ya kwanza, kabla hata ya herufi A.

Kuhusu ukurasa, tafadhali usimwahidi mama wa watu kitu. Vitabu vya mwaka ule vimeshatiwa kwenye masanduku na mkuu wa kituo hapendi vipekuliwe. Na gazeti libandue, Mama.

Binti yako


2 Februari

Mboni yangu,

Gazeti silibandui. Na kuahidi nimeshaahidi, maji yamemwagika.

Usiniambie habari za masanduku. Wewe uliyemfikishia mama yako mdogo salamu zangu katikati ya bahari, nahodha akasimama akazisoma mbele ya abiria wote wamekaa mezani, leo sanduku la mbao likushinde? Maneno arobaini yale, na mwisho nikataka litajwe kabisa, "zimegongwa na binti yangu mwenyewe." Mama yako mdogo mpaka leo akinikera namkumbusha kwamba hajawahi kupigiwa makofi na watu wazima isipokuwa kwa ajili yangu.

Nakuambia hali halisi ili uharakishe. Juzi Mama Mcheshi alikuja kushonewa gauni. Nikafurahi, nikidhani kuna sherehe. Kumbe anataka gauni la kwenda nalo kwa wale mama kumi, nyumba kwa nyumba. Ukurasa ukionyesha mwanawe aliita, atawapelekea waone. Ukionyesha hakuita, ataenda vilevile, awapigie magoti. Akaniambia yote mawili anayaweza, asichokiweza ni kutojua. Nilimpima kifua, mwanangu, mkanda ukazunguka mara moja na nusu. Mwanamke yule alikuwa na mwili kunizidi.

Basi tafuta. Na lako pia nimelianza, la siku ya kufunga. Kola imesimama, vifungo sita. Watakupiga picha.

Mama yako


15 Februari

Mama,

Barua hii isome peke yako. Wateja waondoke kwanza.

Sikuhitaji kufungua sanduku. Ukurasa ule naujua kama kiganja changu, kwa sababu niliuandika mimi. Tume ilisoma vitabu tu, haikutuita sisi, na sahihi zetu ni herufi mbili. Hakuna aliyeuliza herufi hizo ni za nani.

Nikueleze tulivyokuwa tunafanya kazi, maana usipojua hilo hutanielewa. Kila ikifika robo na kasorobo tunatakiwa kuandika: kimya kimetunzwa, hakuna kilichosikika. Mara arobaini na nane kwa siku, mwaka mzima, na karibu zote ni maneno hayo hayo. Basi ukianza saa mpya ulikuwa unaandika ya robo na ya kasorobo kwa pamoja, mapema, unatia sahihi, ubaki na mikono huru. Kila mtu alifanya hivyo. Mkuu mwenyewe ndiye aliyenionyesha.

Siku ile saa tisa kamili niliandika yote mawili. Kisha nikaanza kugonga ujumbe wa salamu kwa meli ya abiria. Ulikuwa mrefu, na yule wa upande wa pili alikuwa mgeni kazini, akawa ananirudisha nyuma kila baada ya maneno matano. Mshale wa saa ukaingia kwenye wekundu nami nimebakiza maneno machache. Nikasema namalizia. Nikamalizia kwa dakika mbili nzima, Mama, nikigonga kwa mashine yenye nguvu kuliko zote upande huu wa bahari. Nilipoinua mkono nikasikia mkia wa kitu. Herufi tatu, hafifu, kisha basi.

Sikuandika. Pale pa kuandika palikuwa pameshaandikwa.

Meli ilipotangazwa kupotea, nilifumba mdomo nikisubiri niulizwe. Sikuulizwa. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa tume, tume ikasema Mcheshi hakuita, na karatasi waliyoishika mkononi ni yangu. Wino wa saa tisa na wa robo ni mmoja, umekolea sawa. Angekuwepo mtu wa kutazama angeona.

Nataka umwambie Mama Mcheshi kwamba mwanawe aliita. Au unipe ruhusa nimwambie mimi. Naandika "ruhusa" kwa sababu wewe ndiye utakayebaki unaishi naye ukuta kwa ukuta.

Binti yako


24 Februari

Mwanangu,

Nimesoma mara tatu, kisha nimeitia motoni. Nawe nakala kama unayo uitie.

Sikiliza maneno ya mtu aliyekuzaa. Mcheshi amekufa, Mungu amrehemu, hakuna barua itakayomrudisha. Wewe uko hai. Aliyekufa na aliye hai wakiwa kwenye mtumbwi mmoja mbovu, anayeokolewa ni aliye hai, hata Mcheshi mwenyewe angekuambia hivyo, tena kwa kicheko. Ulikuwa mtoto, una mwaka mmoja kazini. Wote walifanya hivyo, umesema mwenyewe. Kwa nini wa kuchomwa awe wewe?

Nimeshamwambia. Jumapili nilimfuata kwake, nikakaa kwenye kile kiti chake cha kamba, nikamwambia binti yangu ameutafuta ukurasa kwa shida na ameusoma kwa niaba yake, na umeandikwa hakuna kilichosikika. Hapo sikusema uongo, ndivyo ulivyoandikwa. Hakulia. Aliuliza kama uliusoma taratibu. Nikasema taratibu sana. Akanishukuru, akaniandalia chai.

Gauni lake nimelimaliza, na limemkaa. Lako bado vifungo.

Mambo haya yameisha. Usiyachokonoe.

Mama yako


5 Machi

Kwa binti yangu wa redio,

Natumaini hujambo. Mimi Mama Mcheshi. Hati yangu mbaya, utanivumilia.

Nimekuandikia kukushukuru. Mama yako ameniambia ulivyohangaika na masanduku. Mimi miaka tisa nilikuwa nasema moyoni labda wamekosea, labda aliita. Hiyo labda ilikuwa inanila. Sasa nimejua na nimekubali.

Nimeenda kwa mama watatu, nimebakiza saba. Wa kwanza alinifungulia. Wa pili alisema kupitia dirishani amesikia. Wa tatu alinitolea picha ya mwanawe akaniambia niishike, nikaishika mpaka mkono ukachoka, hakuniambia niiweke chini. Sikumlaumu. Nikamwambia nisamehe, mwanangu alizembea. Lilikuwa neno gumu kulitamka lakini nililitamka.

Wewe ulimjua alivyokuwa kazini. Kama unakumbuka jambo moja zuri niandikie. Moja tu litanitosha.

Mimi Mama Mcheshi


14 Machi

Mama Mcheshi,

Shikamoo. Barua hii naipeleka kwa jina lako, kwa mkono wa mwalimu mkuu. Tafadhali usiende kwa mama wa nne kabla hujaisoma.

Mwanao aliita.

Siku ile mimi ndiye niliyekuwa zamu, na maneno "hakuna kilichosikika" niliyaandika robo saa nzima kabla ya wakati wake, kwa mazoea. Saa tisa na robo, dakika ambazo mimi nilitakiwa kunyamaza, nilikuwa nagonga salamu za mtu kwa meli nyingine. Mwanao aliita chini ya kelele zangu. Alichagua dakika hizo kwa sababu alifundishwa kwamba ndani yake lazima atasikika. Alifanya kazi yake barabara. Mimi ndiye sikufanya yangu.

Kuna ambalo sikumwambia hata mama yangu. Nilimjua. Kila anayegonga ana mkono wake, kama hati, kama mwendo wa mtu. Mcheshi alikuwa akivuta mstari wa mwisho kidogo kupita kiasi. Chuoni mwalimu alimpigia kelele mpaka akachoka. Nilipoinua mkono nilisikia herufi tatu za mwisho wa jina la meli yake, na ule mstari uliovutwa. Nikajua ni yeye. Nikadhani ananitania. Siku zote alikuwa ananikamata makosa yangu hewani na kunicheka, na mimi nilikuwa nimekamatwa nikigonga ndani ya kimya. Nikaona haya, nikajifanya sijasikia. Saa tisa na nusu nikamwita ili tucheke. Hakujibu. Nikasema amemaliza zamu.

Kulikuwa na meli ya uvuvi mwendo wa saa mbili kutoka pale walipokuwa. Hilo nililijua baadaye. Siwezi kukuambia wangefikiwa. Siwezi kukuambia wasingefikiwa.

Jana nimempa mkuu wa kituo maelezo haya kwa maandishi. Akaniambia kitabu kimeshafungwa na hakiandikwi upya, na kwamba wiki mbili kabla ya kufunga si wakati wa kuleta maiti mezani. Nikakataa kuondoka mpaka akapiga muhuri wa kupokea. Nakala yenye muhuri iko ndani ya bahasha hii. Ni yako. Waonyeshe wote kumi.

Umeomba jambo moja zuri kuhusu kazi yake. Hilo ndilo, na nimelikalia miaka tisa.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nitakuja, ukinikubalia.

Mwendesha redio wa zamu


4 Aprili

Mboni yangu,

Leo salamu sina na sifa sina, naanza na shida moja kwa moja.

Siku ya kufunga tulikaa redioni mtaa mzima, niliwaalika mwenyewe kabla sijajua. Wakasema ujumbe wa mwisho umegongwa na bwana fulani. Watu wakanigeukia. Nikawaambia unaumwa. Mwalimu mkuu akatazama viatu vyake, na hapo ndipo nilipojua kuna barua imepita mlangoni kwangu bila kubisha hodi.

Mama Mcheshi alikuja kesho yake mchana. Safari hii aliketi, kwenye stuli yangu ya kuwekea mguu. Akatoa karatasi yako yenye muhuri akaniwekea juu ya kitambaa nilichokuwa nakata. Nikaanza kusema sijui nini, kwamba uzee, kwamba masanduku yalikuwa mengi. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza kitu kimoja.

"Salamu zilikuwa za nani?"

Mwanangu, mimi na wewe tumefichana kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho mkononi. Hukuniandikia zilikuwa za nani, na mimi sikukuuliza. Nilipofika kwenye maneno "meli ya abiria" kwenye barua yako ya Februari niliinuka nikafungua sanduku la vitambaa, ile telegramu uliyoniletea siku ile imo chini kabisa: zimefika salama, leo saa tisa na dakika kumi na saba. Miaka tisa ninaisoma kwa wateja na tarehe sijawahi kuitazama. Maneno arobaini. Ungeniambia yanatosha kumi ningekuelewa. Hapana, nisikusingizie, nisingekuelewa. Ningenuna.

Kwa hiyo alipouliza nilikuwa na jibu tayari. Nikamwambia sijui.

Mimi, mwanangu. Mimi ambaye salamu zile nimezitangaza kwa mtaa mzima, kwa shemeji, kwa muuza nyuzi, nikasema sijui. Akanitazama hivi, bila hasira. Akasema, "Ulikuja kwangu siku ile na telegramu, nikakupigia vigelegele. Nilitaka tu nione kama utanitajia."

Akakunja karatasi yake akaondoka. Stuli sijaigusa, iko pale alipoiacha.

Ameshaenda kwa mama wote kumi, na wale watatu amewarudia. Amewaonyesha muhuri. Yule wa picha, nasikia, alimshika mkono wakakaa mlangoni pamoja mpaka jua likageuka. Kwako amesema usije. Nimeulizia kwa mwalimu mkuu kama amesema usije sasa au usije kabisa, akasema amesema usije.

Wateja wamepungua. Hawanisemi, wanapita tu upande ule mwingine wa barabara, na mimi najua upande ule una jua kali.

Nilitaka nikukasirikie. Nimejaribu asubuhi mbili. Ulikuwa na ulimi wa kusema na nilikukataza, ukasema bila mimi. Hilo sina wa kumsimulia, nalo ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyowahi kufanya, na nililifanyia kazi ya kulizuia.

Jana nilikuwa ndani, cherehani imenyamaza, nikamsikia Mama Mcheshi nje ya dirisha langu na mtu wa mkaa. Yule hata hakumuuliza kitu, alikuwa anapima mkaa wake. Mama Mcheshi akamwambia mwanawe alikuwa mwendesha redio. Akamwambia aliita, tena kwa wakati wake hasa, dakika ile ile iliyopangwa. Yule mtu akasema ndiyo mama. Hakutosheka. Akamweleza habari za mkono, kwamba mwanawe alikuwa na mkono wake mwenyewe wa kugonga, mstari wa mwisho anauvuta, dunia nzima walikuwa wakimjua kwa huo mstari. Akarudia tena tangu mwanzo. Mkaa ulikwisha kupimwa zamani na mtu wa watu amesimama na gunia.

Nikakaa chini ya dirisha nisionekane, nikamsikiliza mwenzangu akijisifia mtoto.

Mama yako